Zifute Vizuri, Kisha Uzirudishe

Jumatatu, Januari 6

Meneja wa hospitali ameagiza kila fundi aandike ripoti ya kazi kila siku. Sawa, ripoti yake ataipata: "Seva inafanya kazi, joto liko juu." Yaliyobaki nitayaandika humu daftarini mwangu, maana nikiyaweka moyoni nitapasuka, na mume wangu nikianza kumsimulia analala kabla sijafika katikati.

Nianze na Ajuza. Ndivyo tunavyoiita seva yetu, ile mashine inayohifadhi picha zote za eksirei, na jina hilo sikumpa mimi, nilimkuta nalo. Anakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Kila mfupa, kila kifua, kila taya lililowahi kupigwa picha hospitali hii limo tumboni mwake. Ana diski nane, zimefungwa pamoja kwa namna ambayo moja ikifa wenzake wanabeba mzigo wake. Mbili zikifa, bado wanabeba, lakini kwa kuhema. Ya tatu ikifuata, basi tena, picha zote zimekwenda. Mpaka leo moja imekufa. Nimeomba mpya tangu mvua za mwaka jana, na kila nikiomba meneja ananiuliza, "Kwani si bado inafanya kazi?"

Inafanya kazi, ndiyo. Hata mimi nafanya kazi.

Alhamisi, Januari 9

Kiyoyozi cha stoo kimekufa rasmi. Nimeleta feni yetu ya chumbani nikamwekea Ajuza. Mume wangu kauliza, "Na sisi?" Nikamwambia afungue dirisha.

Jumanne, Januari 14

Wifi kaja. Dada mkubwa wa mume wangu, na begi kubwa, na kikohozi kilichofika mlangoni kabla ya hodi. Anasema amekuja kupima kifua, siku mbili tatu atarudi kwake. Mtu wa siku mbili tatu haji na mto wake mwenyewe wa kulalia.

Jioni nimerudi hoi nikakuta jiko zima limepangwa upya. "Mke wetu," ananiambia, "hivi hizi sufuria huwa unazisugua au unaziogopa?" Mume wangu akacheka. Nikamwangalia, akaacha.

Jumatano, Januari 15

Vumbi.

Jumatatu, Januari 20

Miujiza. Diski mpya imefika, moja, imefungwa kwenye gazeti kama kitafunio. Nimeitia mahali pa ile iliyokufa, na sasa Ajuza anaijaza upya taratibu kutoka kwa wenzake. Itachukua siku kadhaa, na kwa joto hili namwonea huruma. Nimebandika karatasi mlangoni: MSIGUSE.

Wa kwanza kulalamika ni Viatu Nje. Huyu ndiye mkuu wa chumba cha eksirei, na jina hilo amelipata kwa haki. Hata mkurugenzi hakanyagi chumba chake na viatu. Kila kitu kwake kina utaratibu, na ukimpa maelekezo anayafuata herufi kwa herufi, ukikosea herufi shauri yako. Ananiambia picha zinachelewa kufunguka. Nikamwambia Ajuza anajengwa upya, avumilie. Akaniuliza avumilie mpaka tarehe gani, aandike. Mtu huyu ananichosha kuliko mashine.

Ijumaa, Januari 24

Leo nimempeleka wifi kupigwa picha ya kifua. Viatu Nje akamvua viatu kama anavyomvua kila mtu, na wifi akaniuliza kwa sauti ya sokoni kama tumekuja kupimwa au kuoga.

Kisha tukaingia kwa daktari wa kifua. Ni mama mtaratibu, anaongea polepole, na hafichi kitu. Akatuonyesha kwenye kioo: pafu la kulia, chini kidogo, pana doa. Dogo, kama punje ya dengu.

"Linaweza kuwa kovu la zamani, halina neno," akasema. "Linaweza kuwa kitu kinachokua. Kwa picha moja siwezi kukuambia. Umewahi kupigwa picha ya kifua kabla ya leo?"

"Hapa hapa," wifi akasema. "Miaka saba iliyopita. Nilianguka ngazi nikavunjika ubavu."

Daktari akafurahi. Akatueleza vizuri, na mimi naandika kama alivyosema. Kama doa lilikuwepo tangu siku hiyo na halijakua, wanaliacha lilivyo na wifi anarudi kwake. Kama halikuwepo, kifua kinafunguliwa mapema, doa linatolewa. Na picha ya zamani ikikosekana, hakuna njia ila kusubiri miezi mitatu, wapige nyingine walinganishe. "Na kusubiri," akasema, "mimi sipendi."

Wifi alisikia neno moja tu, kufunguliwa. Mdomo ule usiofunga ukafunga. Tulipotoka akanishika mkono, yeye ambaye hajawahi kunishika hata bega.

"Hiyo picha ipo?"

"Ipo, wifi. Hata Ajuza akigoma, nakala za picha za zamani ziko kwenye diski tatu ndogo kabatini kwa Viatu Nje. Nilizitoa mwenyewe. Usiwe na shaka."

Nilikwenda kuzichukua papo hapo, maana Ajuza bado anajaza diski mpya na picha za zamani hazifunguki kwake. Ziko juu kabisa ya kabati, nimeziona kwenye kioo cha mlango, vumbi limezilalia mpaka unaweza kuandika jina lako. Lakini kabati limefungwa na mwenye ufunguo amekwisha kwenda nyumbani. Haina shida, Jumatatu.

Jumatatu, Januari 27

Homa tangu jana, mwili wote unagonga. Sijakwenda kazini. Viatu Nje kapiga simu, wakaguzi wanakuja, anauliza zile diski tatu za kabatini azifanyeje. Nimemwambia azifute vizuri, kisha azirudishe, nikirudi nina kazi nazo. Kichwa kinauma, siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, Januari 29

Bado niko kitandani. Wifi ndiye ananiuguza. Ananipikia uji, ananifuta jasho, ananigombeza nikiacha kijiko. Mchana nilikuwa naweweseka naongea habari za diski, akaniambia, "Pole mwaya. Ungekuwa mashine wangekwisha kukununulia kipuri." Nikacheka mpaka kichwa kikaniuma upya. "Wala wasingeninunulia," nikamwambia, na yeye akacheka, kikohozi kikambana, tukabaki wawili tunahangaika, mgonjwa anampigapiga mgonjwa mgongoni.

Sijui kwa nini miaka yote hii nilikuwa namkwepa.

Jumatatu, Februari 3

Ngoja nikae vizuri niandike.

Nimefika kazini mapema. Kwanza Ajuza. Nilipokuwa naumwa umeme umekatika mara kadhaa, na ule ujazaji wa diski mpya umekatikia njiani. Kisha diski nyingine ya zamani ikafa. Na ya tatu inasoma kwa shida, inakwama, inakwaruza. Kwa maneno mengine bibi yetu amesimama kwa mguu mmoja. Nikasema moyoni, si neno, nakala ninazo.

Nikavua viatu, nikaingia kwa Viatu Nje, nikazichukua zile diski tatu. Safi, zinang'aa. Nikaunganisha ya kwanza kwenye kompyuta. Tupu. Nikajua waya haukukaa. Nikaunganisha ya pili. Tupu. Ya tatu sikumbuki hata kuiunganisha.

"Mbona diski hizi tupu?" nikamuuliza.

"Si nilizifuta."

"Ulizifuta nini?"

"Si wewe uliniambia? Zifute vizuri, kisha uzirudishe, una kazi nazo." Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja ahsante. "Tena sikutumia ile njia ya haraka inayoacha mabaki. Nimetumia ile inayoandika sifuri juu ya kila kitu. Imekula siku nzima. Kwenye semina walituambia wakaguzi wasikute picha za wagonjwa zimezagaa."

"Vumbi!" Nilipiga kelele, na wagonjwa kwenye korido wakanyamaza. "Nilimaanisha vumbi! Uzifute vumbi! Kwa kitambaa!"

"Kitambaa?"

"Kitambaa, jamani! Zilikuwa zimejaa vumbi!"

"Vumbi nililitoa," akasema polepole. "Kabla ya kuzifuta."

Nilitaka kumrushia kiatu, lakini kiatu kilikuwa nje. Basi nikakaa chini kwenye sakafu yake safi nikalia. Nililia kwa homa, kwa joto, kwa kiyoyozi, kwa miaka yote ya "si bado inafanya kazi". Yeye alisimama pale na uso umemshuka, akawa anasema, "Uliniambia vizuri. Uliniambia vizuri." Na kweli nilimwambia. Kila neno alilolifuata ni langu. Lugha yetu hii tamu, neno moja hilo hilo linafuta meza na hilo hilo linafuta miaka ya watu.

Sasa picha ya wifi imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya Ajuza, na Ajuza anakata roho.

Jumanne, Februari 4

Nimemwambia meneja yote, ana kwa ana. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lakini kwa sasa bado inafanya kazi?"

Alhamisi, Februari 6

Habari imeenea hospitali nzima. Asubuhi mama wa usafi kaniuliza, "Fundi, nikufutie meza, au meza ina vitu vyake?" Wote kwenye korido wakacheka. Nami nimecheka, ningefanyaje.

Jioni nimemwambia wifi. Nilidhani atanichana. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Kwa hiyo haipo."

"Ipo ndani ya mashine, wifi, lakini mashine inakufa. Nitajaribu kuitoa. Siwezi kukuahidi."

Akatupa jiwe dogo dirishani. Kisha akanisimulia kitu ambacho mume wangu hajawahi kunieleza hivyo, yeye huwa anasema tu mama alifariki hospitali kabla sijaolewa. Wifi ndiye aliyempeleka. Kumbe ilikuwa upasuaji mdogo tu, wa tumbo. Mama aliingia akiongea, akamwagiza wifi asisahau kuanua nguo. Akatoka kafunikwa. Wifi alifika nyumbani nguo bado ziko kwenye kamba, akaogopa kuzigusa.

"Mimi kisu sitaki," akasema. "Hiyo picha itasema doa lilikuwepo. Najua lilikuwepo. Wewe itafute tu."

Daktari amempangia arudi mwanzoni mwa Machi. Mpaka hapo ama nina picha, ama sina.

Jumatatu, Februari 10

Joto halisemeki. Nimejaribu kunakili, ile diski mbovu ikapanda joto ndani ya muda mfupi ikaanza kukwaruza. Nimezima. Kwa chumba kile na feni ile nitamuua kwa mikono yangu.

Jumanne, Februari 11

Viatu Nje kaja stooni. Hajawahi kuja huku, anasema pana vumbi. Akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Chumba changu kina kiyoyozi," akasema. "Mashine ya eksirei haiwezi kukaa bila baridi, kwa hiyo kile hakikosi kutengenezwa. Mlete."

"Nani?"

"Ajuza. Mlete kwangu. Alfajiri kabla ya wagonjwa, na jioni wakishaondoka. Mimi nitafungua."

"Ana vumbi huyu. Yeye mzima ni vumbi."

Akameza mate. "Tutamfuta," akasema, na papo hapo akajisikia alivyosema. "Kwa kitambaa," akaongeza haraka.

Ndiyo mara ya kwanza nimecheka na huyu mtu. Tukambeba wawili, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, kwa hatua ndogo ndogo kama tumebeba mgonjwa. Nilisahau kuvua viatu mimi mwenyewe, na hakusema kitu. Alipiga deki baadaye, lakini hakusema kitu.

Alhamisi, Februari 13

Tunanakili picha za karibuni kwanza, za wagonjwa wanaotibiwa sasa. Zinatoka. Viatu Nje anashika saa, mimi nashika kipimajoto. Joto likipanda tunazima, tunangoja, tunawasha tena.

Jumatatu, Februari 17

Vilevile.

Jumanne, Februari 18

Vilevile. Wifi ameanza kunifungia chakula cha asubuhi kwenye kopo, sehemu mbili. "Moja ya huyo mfutaji wako," anasema. Hamsamehi, ila hataki afe njaa.

Ijumaa, Februari 21

Tumefika mwaka wa wifi, na hapo ndipo ile diski mbovu ina kidonda. Faili linaanza kusoma, linakwama, linakatika. Nimeandaa programu isome kipande kidogo kidogo, ikikataa iruke, irudi tena baadaye kujaribu. Mara kumi inakataa, ya kumi na moja inatoa kipande. Ni kazi ya kumwomba mtu mkaidi. Viatu Nje hajui programu, lakini amekaa karibu na kila kipande kikitoka anaitikia kwa kichwa kama aliyeshinda kesi. Nimekuwa nikimwona mtu wa sheria tu, kumbe ni mtu anayeogopa kukosea. Kaniambia hajalala vizuri tangu siku ile. Nikamwambia hata mimi.

Nimechoka. Macho yananiwasha, mgongo si wangu. Nyumbani wifi ananiuliza kwa macho tu, nami natikisa kichwa, bado.

Jumatano, Februari 26

Imetoka.

Alfajiri, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Vipande vyote vya faili lake vimekamilika, isipokuwa ukanda mwembamba wa kijivu pembeni, begani, pasipo na kazi. Nilipiga makofi, Viatu Nje akainua mikono juu. Nikaifungua. Ubavu uliovunjika ule pale, hakuna shaka, ni yeye. Nikashuka na kidole mpaka pafu la kulia, chini kidogo.

Safi.

Nikaikuza. Nikaiangaza zaidi. Nikaweka ya mwezi uliopita pembeni yake. Hii ina doa, hii haina. Mimi si daktari, lakini macho ninayo. Nikageuka, na yule aliyeangalia vifua maisha yake yote alikuwa ameshaona kabla yangu. Alikuwa anaangalia ukuta.

Kwa wiki zote hizi nilikuwa naipigania picha hii kana kwamba nikiipata tu wifi amepona. Sikuwahi kujiuliza, hata mara moja, kama itasema lile tusilotaka. Na nilikuwa nimechoka sana kiasi kwamba kwanza niliikasirikia picha.

"Mimi sijaona kitu," Viatu Nje akasema, bado anaangalia ukuta. "Fundi ni wewe. Ukisema faili limeharibika, limeharibika. Watampa miezi mitatu. Yeye ndicho anachotaka."

Nilimwangalia. Mtu wa utaratibu, mtu wa herufi kwa herufi, ananipa uongo mkononi. Nilijua ni kwa sababu ya zile diski, anataka kunilipa. Na nisijifanye malaika hapa, daftari hili halina wa kumdanganya. Nilishika kipanya. Ningeweza kuifuta, na safari hii kila mtu angejua nimemaanisha nini. Nilimwona wifi anachambua mchele. Nikaona zile nguo kwenye kamba. Miezi mitatu ya kukaa nyumbani kwangu akinigombeza, bila kisu, akiwa na furaha. Na hiyo dengu inakua kimya kimya pale ndani.

Nikanakili faili mara mbili, sehemu mbili tofauti. Nikamwambia Viatu Nje, "Asante, ndugu yangu. Lakini nipigie simu kwa daktari, mwambie picha imepatikana." Ni yeye aliyepiga.

Alhamisi, Februari 27

Nilimwambia mwenyewe, kabla ya daktari. Nilimkuta uani anafua, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Umeipata," akasema. Uso wangu ulishamwambia.

"Nimeipata."

"Na doa?"

"Halikuwepo, wifi."

Aliendelea kufua shati la mume wangu, lile lile, mahali pale pale. "Umeangalia vizuri?"

"Vizuri."

"Si ulisema mashine imeharibika? Labda ndiyo imelila hilo doa."

"Haikulila. Pale pamekamilika. Ningependa lingekuwepo, haki ya Mungu, ningependa."

Akaliinua shati akalikamua kwa nguvu mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. "Ungeniambia imepotea," akasema. "Nani angekuuliza? Mimi nisingekuuliza. Ungeniambia tu imepotea, mke wetu." Akaingia ndani akaniacha na ndoo. Nikazianika mimi zile nguo.

Jumatatu, Machi 3

Daktari ameona picha zote mbili. Vipimo vingine vimefanyika na vimekubaliana nazo. Upasuaji ni wiki ijayo. Wifi amekubali kwa kuitikia kwa kichwa tu. Kwangu hasemi kitu ila "pisha".

Alhamisi, Machi 6

Ajuza amezimika mchana, tena hatawaka. Kila kilichotoka kimetoka. Meneja amekuja kumtazama, akamgonga kwa kidole, akauliza kama kweli haifanyi kazi. Nikamwambia sasa ndiyo haifanyi. Ametia sahihi mashine mpya papo hapo. Ningedhani nitafurahi.

Ijumaa, Machi 14

Wamemwingiza asubuhi. Mume wangu alikuwa upande mmoja wa kitanda cha magurudumu, mimi upande wa pili. Hakuniangalia. Milango ikafungwa, tukakaa. Mume wangu, asiyeongea, aliongea muda wote, habari za mpira, za paa linalovuja, za chochote. Nilimshika mkono nikamwacha aongee. Mimi nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwamba nisiwe nimemuua kwa kusema kweli.

Adhuhuri daktari akatoka. Kipande kimetolewa. Kilikuwa kimeanza kukua lakini hakijasambaa, hivyo ndivyo alivyosema. Amezinduka. Mume wangu ameinamisha kichwa magotini akalia kama mtoto.

Jumamosi, Machi 15

Niliingia wodini, akafumba macho.

Jumapili, Machi 16

Amemwambia nesi, "Mwambie huyo anipe maji." Huyo ni mimi, nimesimama hapo hapo na gilasi mkononi. Nikampa.

Jumanne, Machi 18

Mvua imeanza. Nimefika wodini nimelowa chapa.

Nilisimama mahali pangu pa kawaida, kwenye miguu ya kitanda. Alikuwa anaangalia dari. Muda ukapita, nikadhani amelala.

"Ile picha yangu ya zamani," akasema. "Inaweza kutolewa ikawa kitu cha kushika?"

Nilikimbia korido nzima. Viatu Nje hakuniuliza ya nini. Aliitoa kwenye filamu kubwa, akaikagua kwenye mwanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Wifi akainyanyua usawa wa dirisha. Mikono haina nguvu, nikamshikia upande mmoja. "Pafu lipi?" Nikamwonyesha. Akaliangalia kwa muda mrefu.

"Kweli halikuwepo."

"Halikuwepo, wifi."

"Nilikuwa nasema umekosea." Kidole chake kikapanda mpaka kwenye ubavu uliovunjika, kikatulia hapo. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo, nikainama nimsikie. "Siku hii mama yuko nje kwenye benchi. Wakati huu huu wananipiga picha. Ameshika mkoba wangu, anagombana na nesi kwa nini wananichelewesha. Nilimsikia mpaka ndani, yule mtu wa picha akaniambia nisicheke, nitatikisika."

Machozi yalimtoka bila sauti, maana kifua hakimruhusu kulia. Aliilaza picha juu yake, upande usio na mshono, akaiwekea mkono. Kisha akajisogeza kitandani, kidogo kidogo, kwa maumivu, mpaka ikapatikana nafasi.

"Kaa," akasema. "Umesimama siku zote hizi."

Nikakaa.